Majani ya parseli (viwanja vya nyumba) Lubumbashi: kuyafuata mlangoni, kuyapokea kituoni au kuyaacha nyumbani?

Mwezi wa 7 mwembe unaangusha majani makavu, uwanja unafagiliwa alfajiri, na kufikia saa 2 moshi umeshapita juu ya ukuta. Mwezi wa 1 hakuna anayechoma. Nyasi iliyokatwa kwa kupekupe (panga la kufyekea) ni mbichi, inarundikwa kando ya avenyu, mvua ya jioni inaisukuma hadi kwenye kanivo (mfereji wa maji ya mvua), na kanivo ikiziba maji yanahamia barabarani. Parseli ni ileile, lakini uchafu ni wa aina mbili. Mipango mingi ya kukusanya hukosea hapo: inaupangia mwaka mzima gari moja, siku moja na bei moja.

Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kuanzisha ukusanyaji, awe kamati ya avenyu, shefu wa kartie (mtaa), vijana wenye pusipusi (mikokoteni ya kusukuma) au ofisi ya komini (wilaya ya mji). Tunazungumzia majani, nyasi, matawi na matunda yaliyooza chini ya mti. Uchafu wa jikoni una njia yake, na ukiuchanganya na huu umepoteza vyote viwili.

Kwanza, uzito

Chukua mfuko wa kusuka uliokuwa na kilo 50 za mahindi. Una nafasi ya lita 90 hivi. Ukiujaza majani makavu ya mwembe na kuyakanyaga, unabeba kilo 8 hadi 12. Ukiujaza nyasi mbichi ya mwezi wa 12, unafika kilo 25 hadi 30, na zaidi kama imenyeshewa. Maembe yaliyooza yanaweza kupita kilo 50, na mfuko utapasuka kwenye mshono kabla haujafika kwenye gari. Matawi ni kinyume chake. Yakirushwa garini bila kukatwa yanajaza hewa tupu, na dereva anasafirisha nafasi.

Kwa hiyo gari la majani makavu hujaa kabla ya kulemewa, na gari la nyasi hulemewa kabla ya kujaa. Anayepanga bei kwa idadi ya mifuko bila kulijua hili ataona faida mwezi wa 8, kisha mwezi wa 1 atavunja springi.

Njia nne, ukihesabu na kiberiti

Kuchoma ndiko wengi waliko leo, na mpango wowote unashindana nako. Kiberiti hakina ratiba, hakidai abonoma (ada ya kila mwezi), hakichelewi. Ubaya wake unajulikana: moshi wa majani yenye unyevu unakaa chini kwenye kartie nzima, plastiki iliyofagiliwa pamoja na majani inaungua humo humo, na upepo wa mwezi wa 8 unabeba cheche hadi kwenye pori kavu la jirani. Lakini usidhani watu wataacha kwa kuhubiriwa. Wataacha pale ambapo kutoa mfuko nje ni rahisi kuliko kukaa kulinda moto.

Kuyaacha nyumbani ndiko kunakogharimu kidogo kuliko yote kwa mji, na kwa parseli kubwa tunaona kuje kwanza, kabla ya ukusanyaji. Majani makavu yanatandazwa chini ya miti na migomba kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, shina likiachwa wazi kwa upana wa kiganja ili gome lisioze. Yanayobaki yanarundikwa. Rundo lenye mita moja kwenda juu na mita moja kila upande ndilo la chini kabisa. Dogo kuliko hapo halihifadhi joto, linakauka tu na kugeuka nyumba ya panya. Mahali pazuri ni kivulini, mbali na ukuta wa nyumba na mbao zozote, kwa sababu mchwa wa huku hawahitaji mwaliko wa pili.

Ila njia hii ina masharti mawili: nafasi, na mtu wa kuishughulikia. Kartie za Golf na Bel-Air na parseli za zamani za komini ya Lubumbashi zina nafasi, na mara nyingi zina sentineli (mlinzi wa nyumba) ambaye tayari ndiye anayefagia. Komini za Kenya na Kamalondo ni habari nyingine. Viwanja vimeliwa na vyumba vya wapangaji, mti uliobaki ni mmoja, na rundo la mita moja lingeziba njia ya kwenda choo. Kwa kuwa hata majani yenyewe ni kidogo, hakuna sababu ya kupeleka gari mlango kwa mlango huko.

Kituo cha kupokea, yaani mahali pamoja ambapo kila mtu analeta mwenyewe, kinafaa zaidi kwenye komini hizo zenye msongamano. Kifungue siku ya salongo (usafi wa pamoja) na siku moja nyingine. Kinataka uzio, mlinzi anayefungua kila mfuko kabla haujamwagwa, na umbali ambao mtu anaweza kuutembea na bruweti (toroli), tuseme mita 500. Ukizidi hapo, mifuko itaishia kwenye kanivo iliyo karibu. Kituo bila mlinzi hugeuka jalala la kila kitu ndani ya wiki chache, na aliyeona jambo hilo mara moja hataki tena kusikia neno "kituo". Gharama ya njia hii ni huyo mlinzi. Ukimtoa ili kubana matumizi, umefunga kituo.

Kufuata mlangoni kunagharimu kuliko zote, na pia kunaokoa majani mengi kuliko zote, mradi parseli ni kubwa, miti ni mingi na nyumba zinazolipa zimepakana. Nyumba 40 kwenye avenyu moja ni kazi ya asubuhi moja. Nyumba 40 zilizotawanyika kartie nzima zitakula mafuta yote ya wiki. Kwa hiyo anza na avenyu iliyojaa. Orodha ndefu ya wateja wa huku na kule inafurahisha kwenye daftari tu.

Uamuzi wetu, kabla ya kuingia kwenye vyombo na magari: mlangoni, kwa majani yanayozidi ya kubaki nyumbani, kwenye avenyu zenye parseli kubwa za komini ya Lubumbashi na sehemu za Kampemba, kituo kwa Kenya, Kamalondo na Katuba, kubaki nyumbani kwa Annexe na pembezoni mwa Ruashi, ambako watu wana mashamba ya mahindi karibu na kila jani lina pa kwenda.

Mfuko, pipa au fungu?

Miji ya Marekani inayofuata majani mlangoni hutumia mifuko ya karatasi nene inayooza pamoja na kilicho ndani, au mapipa ya magurudumu yanayoinuliwa na gari lenyewe. San Francisco imelazimisha kila nyumba kutenga vitu vinavyooza tangu 2009, kwa mapipa. Vyote viwili vinashindwa hapa kwa sababu zinazoonekana. Karatasi ikilala nje usiku mmoja wa mwezi wa 2 inakuwa uji, na ikilala usiku mmoja wa mwezi wa 9 chini yake kuna mchwa. Pipa la lita 240 likijaa nyasi mbichi linapita kilo 70, na magurudumu yake yamekusudiwa lami, si tope la avenyu isiyo na lami.

Mfuko wa kusuka wa unga au makala (mkaa) ndio chombo. Unapatikana kila soko, unahema, unaoshwa, unabebwa na mtu mmoja. Una tatizo moja tu: una thamani. Mfuko uliowekwa nje jioni haupo asubuhi; majani yamemwagwa kwenye kanivo na mfuko umekwenda kuuzwa. Kuna dawa mbili. Ya kwanza, mkusanyaji anamwaga papo hapo garini na kurudisha mfuko mlangoni, jambo linaloongeza muda kwa kila nyumba lakini linamwezesha kuona kilichomo. Ya pili ni kubadilishana, mfuko uliojaa kwa mtupu wenye alama ya rangi. Tunapendelea ya kwanza. Kumwaga mbele ya mwenye parseli ndiyo elimu fupi kuliko zote: chupa ikianguka kutoka kwenye majani, wote wawili wanaiona.

Matawi yafungwe mafungu: urefu usizidi mita 1.2, unene wa fungu sentimita 40, uzito usiozidi kilo 20. Kamba iwe ya katani au gome. Usifunge kwa waya, kwa sababu waya uliosahaulika unavunja kisu cha mashine ya kusaga matawi, na hata pasipo mashine unachoma mikono. Bogenvilia ifungwe peke yake, ncha za miiba zikiangalia upande mmoja. Vipande vinene kuliko mkono wa mtu mzima viachwe wima kando ya mlango: kabla gari halijafika, atakuwa ametokea mtu anayevitaka kwa kuni, na hilo ni gari lililopunguziwa kazi bure.

Kuna kitu kimoja kinachostahili kukataliwa hata kwa ugomvi, nacho ni majivu ya mbabula (jiko la mkaa). Kaa linaloonekana limekufa jioni linaweza kuwa hai asubuhi, na katikati ya mifuko 20 ya majani makavu linapata kila kitu linachokitaka. Majivu yakae siku mbili kwenye ndoo ya chuma yenye maji, kisha yaende kwenye bustani ya mwenyewe, kidogo kidogo.

Pusipusi, trisikli, kamyo

Chukua mfano wa avenyu ya parseli 40, kila moja ikitoa mifuko 3 kwa wiki wakati wa mvua. Ni mifuko 120, karibu mita za ujazo 11. Idadi ya safari inabadilika hivi:

| Chombo | Mifuko kwa safari | Safari kwa avenyu | Kinachokikwamisha |
|---|---|---|---|
| Pusipusi | 10 hadi 12 | 10 hadi 12 | mlima, na umbali unaozidi kilomita 1.5 |
| Trisikli ya mizigo | 20 (nyasi mbichi: 16 hadi 18) | 6 hadi 8 | uzito unaopita nusu tani, tairi ya mbele kwenye tope |
| Kamyo (lori) yenye mbao za kuongeza kimo | 110 hadi 130 | 1 | avenyu nyembamba, nyaya za chini, gharama ya kuisubiri |

Kamyo inapendeza kwenye hesabu, lakini inasimama na injini ikiwaka huku watu wanne wakitoa mifuko nyumba kwa nyumba, na baada ya mvua kubwa haingii kwenye avenyu zisizo na lami bila kuzichimba na kupasua mabomba ya maji yaliyozikwa juujuu. Mpangilio unaofanya kazi ni wa ngazi mbili. Pusipusi zinatoa majani milangoni hadi kwenye kona yenye lami, halafu trisikli au kamyo inachukua kutoka hapo kwa saa moja iliyopangwa. Vijana wenye pusipusi wanaijua avenyu, wanajua nani ana mbwa na nani halipi. Ukiwapita na kuleta gari lako, umeongeza washindani juu ya kiberiti.

Mifuko itoke nje kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Ya jioni iliyotangulia itafunguliwa na mbuzi na mbwa, au itaibwa. Wakati wa mvua pita kila wiki, kwa kuwa nyasi iliyofungwa mfukoni kwa siku tatu inachemka, inatoa maji meusi na kunuka kama pombe iliyoharibika. Wakati wa kiangazi wiki mbili zinatosha. Mwezi wa 9 na wa 10 ongeza siku ya matawi peke yake, maana ndipo watu wanapopunguza miti kabla ya dhoruba za mwanzo, na ndipo kanivo zinapotakiwa kuwa safi. Katikati ya mji, maua ya jacaranda yanaanguka wakati huohuo. Yanaonekana mepesi, lakini yakilowa yanaziba wavu wa kanivo kama ugali.

Abonoma ya mwezi au tiketi kwa mfuko?

Abonoma inamhakikishia mkusanyaji mshahara, ila inamfanya mteja aone amenunua haki ya kutoa chochote, pamoja na godoro. Tiketi kwa mfuko ni ya haki zaidi kwa mwenye mti mmoja, lakini inamfundisha kushindilia mfuko hadi haubebeki, na mwezi wa 7 inamrudisha kwenye kiberiti, ambacho hakina tiketi. Kwa hiyo abonoma kwa parseli kubwa, yenye kikomo cha mifuko 4 kwa zamu na kilo 25 kwa mfuko. Tiketi kwa kituo. Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yanapunguza ugomvi wa chenji mlangoni na yanaacha alama ya nani amelipa.

Unapokokotoa bei, jumlisha mafuta, mishahara, mifuko inayochakaa na kodi ya kiwanja cha kuozeshea majani yawe mbolea, kisha gawa kwa nusu ya nyumba zilizojiandikisha. Hiyo nusu ndiyo itakayolipa kwa wakati mwanzoni. Bei ikionekana kubwa mno kwa hesabu hiyo, avenyu bado haijawa tayari kwa ukusanyaji wa mlangoni. Anza na kituo.

Yanakokwenda, na kwa nini uanze mwezi wa 6

Mipango mingi huzaliwa mwezi wa 1, nyasi zinapokera. Ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kuanza. Nyasi mbichi peke yake ina nitrojeni nyingi na haina hewa. Rundo lake linashikamana kama mkate, linaoza bila hewa, na harufu inaleta majirani na malalamiko kabla ya mwezi kuisha. Majani makavu peke yake yana kaboni nyingi, yanakaa mwaka mzima bila kubadilika. Kuozesha vizuri kunataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, na kwa mkono hiyo ni karibu ujazo 2 hadi 3 wa majani makavu kwa ujazo 1 wa nyasi mbichi. Lakini Lubumbashi majani yanaanguka kiangazi na nyasi inaota wakati wa mvua. Vitu hivi viwili havikutani vyenyewe. Mtu lazima aweke akiba.

Ndiyo maana mwezi wa 6. Hadi wa 9 unakusanya majani makavu, mepesi, yasiyonuka, na kuyahifadhi chini ya paa la mabati au turubai, yakiwa yameinuliwa juu ya matofali. Wafanyakazi wanazoea njia, wateja wanazoea siku. Mvua zikishika mwezi wa 12, kila gari la nyasi linakuta majani makavu yanayolisubiri.

Kiwanja cha mita 20 kwa 30, parseli moja ya kawaida, kinatosha avenyu kama ile ya mfano. Kiwe na mteremko kidogo, mbali na visima. Matuta yawe na kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 3 chini, marefu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, yakiachiana nafasi ya kupindua. Unyevu unapimwa kwa mkono: kamata, kamua. Likitoka tone moja au mawili ni sawa. Maji yakitiririka, ongeza majani. Mchanganyiko ukitawanyika kama pumba, mwagia maji. Joto linapimwa kwa kipande cha chuma cha ujenzi kilichochomekwa katikati kwa dakika 10. Kikiwa hakishikiki, mbegu za magugu zinakufa. Kanuni ya Marekani kwa matuta ya kupinduliwa ni nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku 15 na kupindua angalau mara 5 ndani ya siku hizo. Jambo la kukumbuka ni kupindua: pembeni mwa tuta hakupati joto mpaka kuingizwe katikati.

Mbolea ya nyasi za mwezi wa 12 na wa 1 inakuwa tayari mwezi wa 5, wakati wakulima wa lengalenga na kabichi mabondeni wanaanza msimu wa kumwagilia. Wateja hao wanajua mbolea. Wataitia mkononi na kuinusa kabla ya kuuliza bei. Usiwapelekee yenye vipande vya sashe (vifuko vya plastiki). Ichekeche kwa wavu wa matundu ya sentimita 1, na vijiti vilivyobaki virudi kwenye tuta jipya.

Baadhi ya nyasi inaweza kuishia kwa wafugaji wa mbuzi, lakini si kila kitu. Lantana na majani ya mparachichi vinadhuru mbuzi. Visiingie kwenye mzigo huo.

Limebaki jambo ambalo Lubumbashi haiwezi kuliruka. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi 1911, na upepo wa kusini-mashariki umeupeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Udongo wa upande huo, Penga Penga ukiwa mfano unaojulikana zaidi kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, una shaba, kobalti, risasi, zinki na kadmi. Metali haziozi. Rundo likipungua nusu, zilizokuwemo zinabaki zote, kwa hiyo kilo moja ya mbolea ina metali nyingi kuliko kilo moja ya majani yaliyoizaa. Hatari kubwa zaidi ni vumbi na udongo unaoingia na reki. Kwa avenyu za upande huo, fagia kwa fagio jepesi na usichukue udongo, usipokee takataka za kufagia barabara, na matuta yake yatengwe kabisa na mengine. Mbolea hiyo iende kwenye miti, maua, na kufunika udongo mtupu. Huko ina faida kubwa, kwa kuwa mbolea ya majani pamoja na chokaa hupunguza metali zinazofikia mizizi. Lengalenga na matembele yasilimwe juu yake, hadi sampuli ipimwe kwenye maabara.